Fremu ya Reli Chini ya Shuka Langu

Gernot, vua hiyo kofia ya mkuu wa stesheni ukiwa ndani ya nyumba, ukae, ufunge mdomo mpaka nimalize. Aibu gani uliyonitia jana? Mwanamume mzima, umewahi kuwa naibu meya, unaalika watu waje wale saladi yangu ya viazi na wanywe pombe yangu ya plamu, eti sherehe ya mti. Kwetu hapa mti wa msonobari hupandishwa juu ya nyumba mpya siku fundi anapomaliza kuinua kenchi za paa. Fundi anasema maneno yake, anakunywa, anavunja glasi. Kazi kwanza, mti baadaye. Nilikusikiliza nikiwa nimesimama ngazini na sinia mpaka mikono ikafa ganzi. Mimi shuleni sikukaa sana, lakini masikio ninayo. Hotuba yako nimeiandika upya, kama ilivyoniingia. Isome kwa sauti, na usiruke.

Mheshimiwa Mchungaji, uliyeacha mazoezi ya kwaya kwa ajili yetu; Mheshimiwa Bwana Ottmar, mweka hazina wa chama, kaimu katibu wa kamati ndogo ya miguu ya meza na mjumbe wa kamati kuu inayosimamia kamati ndogo; waheshimiwa wanachama wa kudumu, wa muda na wa heshima wa Chama cha Marafiki wa Reli Ndogo; Bi Irmtraud jirani yetu, uliyekuja kurudisha bakuli ukapewa kiti; na wewe mke wangu Roswitha, popote ulipo na sinia: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bi Irmtraud anauliza kama anaweza kwenda.)

Ni heshima ya pekee kwangu, kama mwenyekiti, mwasisi, mlezi na mwenye nyumba, kusimama katika chumba hiki cha chini, ambacho zamani kilikuwa cha kufulia nguo na leo ni kitovu cha miundombinu, nikitangaza kwamba ile fremu, yaani ule mfumo jumuishi wa mihimili, miguu na vishikizo ambao juu yake reli yetu itapita, milima yetu ya plasta itasimama na vijiji vyetu vya karatasi ngumu vitawashwa taa, sasa imefikia hatua ya kufikiwa. (Makofi marefu.) Wapo waliotubeza. Wapo waliosema, "Gernot, chukua mbao, zipige skurubu, weka plaiwudi juu, Jumapili treni ya kuchezea inatembea." (Ottmar, kwa uchungu: "Isiitwe ya kuchezea.") Waheshimiwa, hivyo ndivyo wafanyavyo watu wasio na mkakati.

Sisi tulianza na upembuzi yakinifu. Kamati ya urefu wa miguu ilikaa vuli nzima, ikala keki ya tofaa ya mke wangu vikao vyote, ikagawanyika, kundi moja likitaka meza ifike kiunoni ili mtu akae kitini na kutazama, na kundi langu likitaka ifike usawa wa macho, ili mwanachama akisimama wima aione treni kama aionavyo msafiri aliye jukwaani. Hoja yangu ilipita kwa asilimia mia moja na kumi ya kura, kwa kuwa Bwana Ottmar alinyoosha mikono yote miwili. (Ottmar: "Nilikuwa najinyoosha mgongo.") Demokrasia ilichukua mkondo wake.

(Sauti kutoka ngazini: "Usawa wa macho ya nani?") Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. ("Mimi nakufika kifuani, Gernot. Treni ya baba yangu itapita juu ya kichwa changu, mimi nibaki natazama matumbo ya mbao?") Naomba utulivu ukumbini.

Na hapa niruhusuni niguse suala mtambuka la hisia. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi la kweli, na aliacha kile kichwa cha treni cha bati, cheusi, ambacho kila Krismasi kilizunguka chini ya mti, kisha Siku ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari, kikavishwa soksi ya sufu na kurudishwa katika kopo la biskuti. Siku ya maziko yake, mbele ya kahawa na keki, nilitoa tamko rasmi kwa mke wangu kwamba kichwa hicho hakitalala tena koponi, kitapata reli ya mwaka mzima. Tamko hilo liko hai. Linafanyiwa kazi. Limo katika hatua za mwisho za hatua za mwanzo. (Kopo liko juu ya kabati, na wewe unajua.)

Tukija kwenye mafanikio. Kwa kuwa wataalamu wanasisitiza kwamba meza isiwe pana kuliko mkono unavyofika, tumebuni fremu yenye uwazi katikati, ambamo mwendeshaji ataingia kwa kutambaa chini ya mihimili. Majaribio yalifanywa na Bwana Ottmar mwenyewe, chini ya meza ya jikoni kwa niaba ya fremu, na yalifana sana: aliingia. (Makofi.) Kutoka kulifanyika baadaye, kwa msaada wa mke wangu na mpini wa ufagio. (Ottmar: "Goti, waheshimiwa. Goti tu." Bi Irmtraud: "Tulikusikia mpaka kwetu, tukadhani Gernot anachinja.") Utafiti wa kina umebaini kuwa wanachama tisa kati ya kumi wana magoti mabovu, na yule wa kumi ana aibu kusema, hivyo nimeunda kamati ya magoti.

Aidha, ili fremu isipinde hata unywele, tumejipatia pimamaji tatu za kisasa, ya tatu ikiwa ya kuzipima hizo mbili. Kilichobaki ni kitu cha kupima. (Mchungaji anainamisha kichwa, anaonekana kama anaomba.)

Kwa hiyo tuinue glasi, tuutazame msonobari huu mdogo uliosimama juu ya fremu yetu, fremu ambayo kwa sababu za kiufundi imefunikwa shuka. Fremu imara. (Imara.) Umoja wa miguu. (Umoja.) Mbao kwanza. (Wanatazamana.)

Mwisho kabisa, namshukuru Mchungaji kwa dua. Bwana Ottmar kwa goti lake. Fundi mbao wa nyuma ya kanisa, ambaye katika miaka yote ya mradi hatujamsumbua hata kwa ubao mmoja. Na kwa namna ya pekee mke wangu Roswitha, kwa kutoa, bila yeye kujua, meza yake ya kupigia pasi na kreti zake za chupa tupu, ambazo ndizo fremu yenyewe iliyomo chini ya shuka lake, na kwa kunivumilia nikisimama mbele yenu na shati lenye mikunjo, maana meza ya pasi iko kazini. Asanteni kwa kunisikiliza. (Mchungaji anainua ncha ya shuka. Mti unaanguka.)

Umemaliza? Basi sikia. Leo ni Jumapili, siku ambayo kwetu msumeno hauruhusiwi kulia, ndiyo maana nimekuacha usome. Meza yangu ya pasi irudi juu sasa hivi. Kesho asubuhi uende kwa fundi mbao, na neno "mkakati" ulitamke kwake uone atakavyokufukuza. Ukutani kwenye chumba cha kufulia nimechora alama ya chaki, usawa wa kiwiko changu, nikiwa pekupeku. Miguu ya meza ikatwe ifike hapo. Wewe mrefu utainama, na Ottmar tutampa kiti, asitambae tena nyumbani kwangu. Keki hakuna mpaka gundi ikauke. Mshumaa wa kwanza wa Majilio ukiwashwa, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, nataka kumwona baba yangu anapita.

Kopo nimeshalishusha, liko mezani jikoni, na soksi nimeivua. Anza na meza ya pasi.