Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 6 Aprili 2020
Mtaa wetu wa Imbaba kimya. Magharibi ikiingia, ni marufuku kutoka, kwa ajili ya korona. Basi langu dogo limelala uchochoroni, nami nimelala zuliani. Jasho! Mifupa inaniuma. Nimemwahidi mke wangu Nagwa: vidonge vya kulevya basi. Naye kaapa nikirudia tena, barabara zikifunguliwa anamchukua binti yetu Rim, anahamia Tanta kwa dada yake. Aliyasema haya akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Niliogopa kweli.

Lakini mwili wangu haukuapa. Kidonge kimoja tu. Cha mwisho. Cha kuagia.

Jumanne, 7 Aprili
Mpango! Akili yangu hunishangaza mwenyewe. Nagwa ameficha ufunguo wa mlango, lakini kikapu hajakificha. Jengo zima tunateremsha vikapu kwa kamba kutoka roshani, tunapandishiwa mkate na vitunguu. Nimempigia Hamdi, muuzaji wangu. Kesho adhuhuri, Nagwa akisali, ataviweka vidonge ndani ya mkate.

Jumatano, 8 Aprili
Balaa! Nilivuta kamba, kikapu kikakwama ghorofa ya pili. Hajati Inshirah, mama mkwe wangu! Nilisahau vipi? Miaka yote hii kikapu hakipiti mbele ya roshani yake bila kutoa ushuru: tango, kitunguu, chochote. Leo kachukua mkate. Nikapiga kelele kwamba huo umeungua, auache. Akajibu, mtaa mzima ukasikia, kwamba hata mkwe wake ameungua na bado wanamvumilia.

Kikapu kilipanda na bakuli la mchuzi moto wa majani ya mulukhiya. Mkate hakuna. Nilikula huku nikisikiliza kama anapanda ngazi.

Alhamisi, 9 Aprili
Mama mkwe kaniita juu ya paa, anakofuga njiwa. Nilipanda nikijua nimekwisha. Akasema vidonge vimekwenda chooni. Nagwa hajui, na siku atakayojua, atajua kwa mdomo wangu mimi, si wake yeye. Kisha akanipa ufito mrefu wenye kitambaa, niwarushe njiwa wake. Nikamwonyesha mikono inavyotetemeka. Akasema ndiyo anayoitaka hiyo, kitambaa kitapepea chenyewe.

Wakaruka. Subhana Allah! Mji wote huu, hakuna honi hata moja, na mimi maisha yangu yote ni honi. Wakazunguka juu ya Nile, wakageuka kwa pamoja, wakawaka weupe. Nikasikia mbawa zao! Miaka mingapi sijasikia kitu? Nililia mbele ya mama mkwe. Yeye akajifanya anafagia.

Jumapili, 19 Aprili
Nimepona! Hamdi kapiga simu, nimeikata. Nagwa nimemwambia yote, hata la mkate. Kisha akanimiminia chai, akanikorogea sukari mwenyewe. Sikujua kama bado kuna mkono utakaonikorogea chai. Nikamwambia sitakuwa tena mtumwa wa kitu chochote.

Ila jirani, Abu Surayya, ana njiwa jike mweupe, hajapata kutokea! Na sheria ya mapaa inajulikana: njiwa akitua kwako, ni wako. Toka nimwone sijalala. Chai ile imepoa, nilikuwa dirishani. Nagwa akauliza nina nini. Nikamwambia ukweli: njiwa mmoja tu. Wa mwisho.

Akaenda kuficha ufunguo wa paa.

Hainisumbui. Mahindi ya chambo ninayo, na kikapu hajakificha.