Selma Ateuliwa Kupata Moyo

Mheshimiwa Gavana, Mama Gavana, Mheshimiwa Naibu wa Gavana na yeyote anayemkaimu kwa kuwa simwoni, waheshimiwa maomda, wakuu wa mitaa wote wa mji wetu wa Oued Sfarjel, wagonjwa wetu wapendwa mlioletwa na mliojileta: itifaki imezingatiwa, na kama haijazingatiwa, basi izingatiwe. (Makofi. Kikohozi.)

Mimi, Mongi Belkhiria, Mkurugenzi Mkuu wa Kamati ya Uteuzi wa Wapandikizwa Moyo, nina furaha isiyo kifani kusimama ndani ya wodi hii yenye harufu ya kipekee, ambayo kwa mujibu wa upembuzi yakinifu ulioshirikisha wadau wote isipokuwa waliokuwa safarini, ni ya kwanza kuwajali watu wazima waliozaliwa na kasoro ya moyo. Maana changamoto zilikuwepo, hatukatai: binti yetu Selma Ghribi, huyu mnayemwona kitandani kwa ajili ya picha, alizaliwa na moyo ambao chumba kimoja kinafanya kazi ya viwili, akapasuliwa utotoni, akakua, akawa mwalimu wa jiografia, na ngazi za shule zilipomshinda, kitengo cha watoto kikasema huyu ni mtu mzima, cha watu wazima kikasema huu ni ugonjwa wa watoto. (Selma: "Na wewe ukaniambia nirudi baada ya Idi. Hukusema ya mwaka gani!" Kicheko.)

Uchangamfu wako, binti yangu, ndio uliotuponza. Mizani yetu humpa alama nyingi anayezidiwa ghafla. Wewe umezoea kukosa pumzi tangu utotoni, na kila kamati ilipokuuliza hali, ulijibu, "Salama, alhamdulillahi," nasi kwa uadilifu mkubwa tukaandika: mzima. (Bi Dalanda, mama yake: "Ulitaka ajibu nini, akufuru? Midomo yake ya buluu hukuiona?") Tuliiona, Bi Dalanda. Tukadhani ni vipodozi.

Lakini leo mageuzi yamekamilika kwa asilimia tisini na saba, na asilimia kumi na moja iliyobaki iko kwenye mchakato! Natangaza, bila upendeleo wala simu kutoka juu: mteuliwa wa kwanza ni Selma! (Vigelegele. Bi Dalanda anamkumbatia nesi asiyemjua. Selma, kwa sauti ndogo: "Kweli, baba? Msinitanie kwa hili. Nimechoka.") Kweli tupu, na picha imepigwa! Moyo mpya! (Umati: "Maisha mapya!") Uteuzi! ("Haki!") Kamati! (Sauti chache.)

Shukrani zangu ziende kwa Haji Mokhtar wa duka la samani, aliyetuazima vitanda hadi adhuhuri. Kwa manispaa, kwa miti hii ya kwenye ndoo, inayosubiriwa na mkoa jirani kwa uzinduzi wao wa jioni. Na kwa ushirika wa zeituni, uliotuachia ghala lake tuliite wodi. Daktari wa upasuaji tutamtafuta bajeti ikiruhusu. Naona lori la kuvichukua vitanda limefika. Selma, binti yangu, shuka polepole, usichane plastiki ya godoro. (Selma: "Na moyo wangu?")

Kamati imelijadili suala lako kwa kina, na inakushauri uendelee kutumia huo ulionao. Asanteni sana. (Selma hashuki. Bi Dalanda anavua viatu, anapanda kukaa naye. Plastiki inachanika.)