Kwa Wastani, Mkutano Huu Hauna Uchungu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye nilimteua mwenyewe asubuhi ya leo. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye yuko njiani. Mheshimiwa Mhasibu Mkuu wa idara yangu, mlezi wa kila senti iliyotoka na shahidi wa kila senti ambayo haikurudi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wa dini mliokaa kivulini. Mabibi na mabwana mliokaa juani. Mama mkunga wa zahanati yetu. Fundi seremala uliyechonga fremu hii nzuri iliyoshika pazia jekundu kwenye lango la uzio nyuma yangu. Watoto mliopanda juu ya uzio wa mabati, ambao naomba mshuke na muache kucheka. Na wewe dereva wangu, uliyeegesha gari palepale nilipokuelekeza ili litokee kwenye picha: itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye sikumtaja, ajihesabu yumo kwenye "na wengineo", ambalo kitakwimu ndilo kundi kubwa kuliko yote. (Makofi.)

Mmenipokea kwa nyimbo na maua, na nikiwatazama nyuso nakumbuka waliosema zamani, mgeni njoo, mwenyeji apone. (Vigelegele.) Mimi ndimi Mkurugenzi wa Takwimu Tumizi, Uchumi Shirikishi na Mahesabu ya Maendeleo, cheo ambacho hakikuwepo kabla yangu na ambacho wataalamu wanahofia hakitapata mtu baada yangu. Miaka mitano iliyopita nilisimama kwenye kiwanja hikihiki kilicho nyuma yangu nikaweka jiwe la msingi la wodi ya wazazi, wodi ya vitanda ishirini na vinne, yenye maji ya bomba na taa zisizozimika, ili mama wa eneo hili asisafiri tena kilomita arobaini za mashimo kwenda kujifungulia mjini. Nikaagiza kiwanja kizungushiwe mabati ili mshangao wenu usije ukaharibika. Leo nimerudi. Nani alisema sitarudi? (Kicheko. Sauti: "Sisi sote!") Ahsanteni kwa ukweli wenu, nao tutauingiza kwenye data.

Najua macho yenu yako kwenye pazia, lakini pazia ni kitambaa tu, ndugu zangu. Mimi nataka kwanza niwafunulie fikra. Zamani viongozi waliongoza kwa kuangalia. Mtu anatoka ofisini, anaona shimo, anasema hapa pana shimo. Ujinga mtupu! Sisi tunaongoza kwa strateji ya kisayansi, tunachukua sampuli, tunaipitisha kwenye fomula, tunaichora grafu, na grafu ikipanda tunapanda nayo, ikishuka tunaigeuza karatasi. Kwa mfano, tulifanya utafiti wa kina kujua kama wananchi wanaridhika na wodi yao. Tulihoji watu kumi na wawili, na wote kumi na wawili, yaani asilimia mia moja, walisema wameridhika kupita kiasi, na wala msidhani walishawishiwa, maana ni watu wazima, wenye akili zao, na ndio waliokuwa wakifanya utafiti. (Makofi kutoka jukwaa kuu.)

Chukueni suala la foleni pale zahanati. Mlilalamika kwamba mgonjwa anasubiri saa nne. Leo nina furaha kutangaza kwamba wastani wa kusubiri umeshuka hadi dakika tisa. (Minong'ono.) Naona mnashangaa. Zamani tulikuwa tunakosea kwa kuwahesabu waliohudumiwa peke yao, ambao kwa kweli ndio wenye tabia ya kusubiri sana. Sasa tunahesabu na wale waliokata tamaa wakarudi nyumbani, na kila mmoja wao tunamwandikia dakika sifuri, kwa sababu mtu ambaye hakuhudumiwa hawezi kusema alisubiri huduma. Kadiri wanavyorudi nyumbani wengi, ndivyo huduma inavyozidi kuwa ya haraka. Tumeshaalikwa kwenye warsha mbili kuelezea mbinu hii.

Sasa lile kubwa. Tangu wodi hii iingie kwenye orodha ya mali za idara yangu, miaka mitano kamili, hakuna mama hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyefariki ndani yake. Hapo nilitegemea makofi. Hakuna hospitali iliyofikia rekodi hii, na nasema...

(Fundi seremala anasimama. "Mheshimiwa, mke wangu alifia barabarani. Kwenye mashimo hayo uliyoyataja.")

Pole sana, fundi. Pole sana, na fremu yako ni nzuri. Lakini tuwe makini na mipaka ya takwimu. Nimesema ndani ya wodi. Barabara ina idara yake, ina mkurugenzi wake, na mimi si mtu wa kuingilia takwimu za mwenzangu. Keti, fundi. (Fundi haketi.) Basi simama, hakuna neno, wastani wa waliokaa bado unaridhisha.

(Fujo upande wa kushoto. Mama mmoja anapiga kelele: "Mkwe wangu! Uchungu umemshika mkwe wangu! Jamani, sogeeni apate hewa!")

Tafadhali, tafadhali. Mama mkwe, nimekusikia, hata maikrofoni imekusikia. Mkunga, hebu mwangalie huyo binti, halafu tuendelee. (Mkunga ameshapiga magoti. "Chupa imepasuka, na mtoto amelala vibaya tumboni. Mimi hapa sina kifaa cha maana. Apelekwe mjini sasa hivi. Mheshimiwa, tupe gari.")

Ndugu wananchi, mnaona sasa? Huu ndio wakati ambao kiongozi wa kawaida angebabaika. Angeanza kukimbia huku na huku. Lakini mimi nina elimu, na elimu inaniambia tupige hesabu kwanza. Hapa tuko watu mia nne. Mwenye uchungu ni mmoja. Mmoja gawanya kwa mia nne ni robo ya asilimia, ambayo kwa kanuni yoyote ya kitaalamu inaingia kwenye kosa la kawaida la vipimo. Kwa hiyo, kwa wastani, mkutano huu hauna uchungu. (Mhasibu Mkuu anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.) Pili, utafiti unaonyesha uchungu wa mimba ya kwanza huchukua saa kumi na mbili kabla mtoto hajatoka, na hotuba yangu imebakiza kurasa kumi na moja tu, kwa hiyo muda upo, tena wa kutosha na wa akiba. Mtoto mwenye nidhamu ataumaliza huo muda salama.

(Mkunga: "Uchungu haufuati kurasa, baba! Gari!")

Nalifikia gari. Hapa inabidi niwafundishe kitu kinaitwa gharama ya fursa, ambacho ni kwamba ukitumia kitu kwa jambo hili, umekikosa kwa jambo lile. Gari hili likienda hospitali na huyo binti, nani atanirudisha mimi ofisini? Na nisiporudi ofisini, nani atatia saini mpango wa kununua magari ya kuwapeleka mabinti hospitali? Mnataka kumwokoa mmoja mpoteze elfu? Halafu kuna suala la mafungu. Mafuta yaliyomo kwenye gari hili yametoka kwenye fungu la Usafiri wa Viongozi. Hayajui njia ya hospitali. Fungu la Usafiri wa Wagonjwa liliisha mwezi wa pili, tulipokwenda semina ya kubana matumizi. (Mama mkwe: "Wewe si ndiye uliyesema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mwenyeji anakufa hapa, mgeni umekalia gari!") Mama mkwe, naheshimu sana hisia zako, lakini methali si fungu la bajeti.

Naendelea. Ukurasa wa tisa. Mahitaji na ugavi. Wodi inapokuwepo... Jamani, mbona hamnitazami? Mkunga, unafanya nini hapo nyuma yangu? Mkunga! Hilo pazia halifunguliwi mpaka nikate utepe, na mkasi uko kwenye mto wa maua, kila kitu kina utaratibu wake!

(Mkunga: "Nataka kitambaa kigumu cha kumbebea. Fundi, nisaidie." Fundi seremala anang'oa misumari yake mwenyewe. Pazia linaanguka. Nyuma yake kuna kiwanja kitupu, nyasi hadi magotini, na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Watoto juu ya mabati wanacheka hadi mmoja anaanguka. Watu wazima hawacheki.)

Mwenye macho haambiwi tazama. (Sauti: "Wodi iko wapi?") Swali zuri, na ninalipenda, kwa sababu linaonyesha wananchi wetu bado wanafikiri kwa macho. Wodi ipo, ndugu zangu. Ipo kwenye mizania ya idara, chini ya mali zisizohamishika, na nawauliza, kuna mali gani isiyohamishika kuliko ile ambayo haijawahi kuwekwa mahali? Siku ile nilipotia saini, wodi iliingia vitabuni ikiwa mpya, inang'aa. Sasa, mali yoyote ikishaingia vitabuni inaanza kuchakaa. Huo si uamuzi wangu, ndio uhasibu. Asilimia ishirini kila mwaka. Mwaka wa kwanza tulikuwa bado tunajadili rangi ya milango, nayo imeshapungua thamani kwa moja ya tano. Mwaka wa pili, tunaandaa ziara ya kwenda kuona wodi za wenzetu, paa limechakaa. Mwaka wa tatu vitanda, mwaka wa nne mabomba. Tulikimbizana na uchakavu, ndugu zangu, lakini tulizidiwa. Mwezi uliopita Mhasibu Mkuu aliingia ofisini kwangu macho mekundu, akaniambia, mheshimiwa, wodi imefika sifuri. (Mhasibu Mkuu anainamisha kichwa.) Mlitaka nifanye nini? Nijenge jengo ambalo limeshachakaa? Niwalaze mama zetu kwenye wodi ambayo thamani yake ni sifuri? Mimi nina dada, nina shangazi, siwezi!

(Akina mama wanapita katikati ya watu wamembeba binti ndani ya pazia, wawili kila upande. Binti anamshika mama mkwe kiganja, anauma kanga. Watu wanawapisha. Dereva anamtazama mheshimiwa, anamtazama binti, anafungua mlango wa nyuma wa gari.)

Naomba msitembee-tembee wakati kiongozi anazungumza. Kuhusu kadi ya mwaliko kuandikwa "uzinduzi", hilo ni kosa la mpiga chapa na tumeshamwonya. Shughuli ya leo ni ya kuiaga wodi, kwa heshima zote, baada ya miaka mitano ya utumishi uliotukuka. Jiwe la msingi lipo salama ofisini kwangu, linakandamiza karatasi zisipeperuke. Na msivunjike moyo, kwa kuwa jengo lililochakaa lina haki ya kukarabatiwa, na nina furaha kuwatangazia kwamba Awamu ya Pili, yaani ukarabati mkubwa wa wodi hii, imeshapata fungu, imeshapata mkandarasi, na kwa taarifa ya Mhasibu Mkuu hapa, imeshafika asilimia sitini. (Mlio wa injini.) Jamani, mnasikia? Huyo ni dereva wangu anapasha injini moto kabla sijamwambia. Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi ninayoihubiri kila siku. (Vumbi linapanda. Jukwaa kuu linakohoa.)

Sasa tufunge kwa ari. Nikisema "Namba hazidanganyi", mnajibu "Zikipangwa vizuri!" Namba hazidanganyi! (Mbuzi analia.) Nikisema "Wodi!", mnajibu "Ipo!" Tujaribu. Wodi! (Mkutano mzima: "Wapi?") Siyo hivyo. Tena, kwa nguvu. Wodi! (Kwa nguvu zaidi: "Wapi?") Sauti ni nzuri, maneno mtayafanyia mazoezi.

Namalizia kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hawezi kushukuru kwa kikubwa. Nawashukuru ninyi wananchi kwa moyo wa kipekee mliouonyesha katika kuitunza wodi hii kwa miaka yote mitano. Nimezunguka maeneo mengi. Kwingine wanavunja vioo, wanang'oa mabomba, wanaandika ukutani. Lakini hapa, nasema kwa fahari na machozi yakinilengalenga, hakuna kioo hata kimoja kilichovunjika, hakuna bomba lililoibwa, hakuna godoro lililochanika, na kuta hazina hata ufa. Huo ndio uzalendo! Ahsanteni sana, na Mungu awabariki. (Watu wote wametazama barabarani, vumbi linapoishia.)

Haya, mpiga picha, moja ya mwisho, mimi nikiwa naingia garini. Dereva, sogeza gari. Dereva? Mwenyekiti, hebu niitie dereva. Jamani, gari langu liko wapi?

(Fundi seremala anaweka misumari yake mfukoni, anaibeba fremu yake begani. "Lipo, mheshimiwa. Vitabuni lipo. Panda tu.")