Wazazi Wasaidie Kidogo Tu

Jumatatu, 18 Novemba

Barua kutoka shuleni. Leo watoto wamechomoa majina ya Sinterklaas, sikukuu ya zawadi ya tarehe tano Desemba. Kila mmoja amtengenezee mwenzake sanamu, afiche zawadi tumboni mwa sanamu hiyo, na aandike shairi la utani. Mwalimu Marjolein amepiga mstari mwekundu chini ya maneno haya: watoto wafanye wenyewe, wazazi wasaidie kidogo tu.

Barua nzuri. Kuna wazazi wanaihitaji sana.

Fenna kachomoa jina la Noortje! Kati ya watoto ishirini na saba! Noortje aliyekuwa naye chanda na pete tangu wana miaka minne, na ambaye hamsemeshi tangu siku ya michezo, Septemba. Chanzo chenyewe kidogo tu. Nilijitolea kuwa mwamuzi. Noortje akawa wa kwanza, lakini mguu ulikanyaga mstari. Nikamtoa. Mtoto wa miaka kumi akaangua kilio mbele ya shule nzima, na lawama zikamwangukia Fenna! Watoto hawana haki kabisa.

Leo mezani Fenna kasema atamtengenezea farasi. Mdogo, wa kasha la viatu. Noortje anapenda farasi kuliko watu. Eti labda watapatana. Macho yalikuwa yakimng'aa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Yakaacha kung'aa. Usingizi, nadhani.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekumbuka jambo. Noortje ni mtoto wa Wouter!

Wouter, mwakilishi wa wazazi darasani. Wouter na koti lake lisiloingia maji. Mwaka jana "Noortje" alileta kinu cha upepo kilichozunguka chenyewe, na taa ndani. Wazazi walipiga makofi. Mimi pia, kwa kidole kimoja. Tulikuwa tumeleta konokono.

Basi farasi atakuwa mkubwa. Wa kwenda kusimama sebuleni kwa Wouter, kila akinywa kahawa amtazame usoni. Nimenunua wavu wa kuku, nimeomba magazeti kwa majirani wote, nimekoroga ndoo mbili za gundi. Fenna kaja bandani na kasha lake la viatu. Nimelikata, likatoa kwato nzuri ya nyuma. Sikutaka ajione hakushiriki.

Jumapili, 24 Novemba

Farasi amefika kifuani mwangu bila kichwa. Baiskeli zote nne zinalala nje.

Fenna kaomba japo kupaka rangi. Nikampa mkia. Kaupaka zambarau! Nikasubiri aende kuoga, nikaurudia kahawia. Ineke, mke wangu, kaniona kutoka dirisha la jikoni. Kasema kiherehere changu kitanitoa roho siku moja, na kwamba barua ya mwalimu iliandikwa kwa lugha ambayo hata mimi naijua. Nikamjibu kwamba mkia wa zambarau ungemwaibisha mtoto. Kauliza mtoto yupi, huyu wa miaka kumi au huyu wa arobaini na tatu.

Sikuelewa swali.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekutana na Wouter langoni. Anajifanya mpole. Kasema Noortje kila jioni anajiuliza ni nani aliyechomoa jina lake, na kwamba anamwomba Mungu aliyelichomoa awe Fenna, kwa kuwa amemkosa sana rafiki yake, ila hajui aanzie wapi kusema.

Ananichokonoa! Anataka kujua tunatengeneza nini! Nikamwambia siri ni siri, nikapanda baiskeli. Sikumwambia Fenna. Angeweza kulegea, akaenda kumsemesha mwenzake hivi hivi tu, na farasi bado hana masikio.

Jumapili, 1 Desemba

Shairi limekamilika. Beti arobaini! Sikujua nina kipaji hiki. Ubeti wa kumi na saba umenitoa machozi kwa uzuri:

Noortje anapokimbia
Mistari hukanyagia
Mwamuzi akamwambia
Binti, sheria sheria!

Nikawasomea mezani, tukinywa supu ya njegere. Fenna kaweka kijiko chini. Kasema, baba, tafadhali, huo utoe. Yote mengine yabaki, huo tu. Nikamweleza kwamba ni utani, Sinterklaas bila utani ni uji bila sukari. Kasema Noortje hatajua ni utani. Atajua ni Fenna. Kisha akalia, si kwa sauti, machozi tu yakidondokea kwenye supu. Iliniuma, sitasema uongo. Ineke kasema mchuma janga hula na wa kwao, akaondoa bakuli langu kabla sijamaliza.

Nimeahidi kulifikiria.

Baadaye: nimelifikiria. Vina ni vizuri mno.

Jumatano, 4 Desemba

Ilibaki jioni moja na kazi mbili: kumpaka farasi vanishi asilowe, au kulinakili shairi kwa mwandiko wa mapambo. Nimechagua sanaa. Ubeti wa kumi na saba nimeuremba kwa kalamu ya rangi isiyofutika. Utabiri unasema hakuna mvua mpaka saa nne asubuhi.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ilianza saa mbili na dakika tano.

Farasi alikuwa kwenye baiskeli yenye sanduku la mizigo mbele, amefungwa kwa mikanda sita. Fenna alitangulia na baiskeli yake, mbali kidogo, kama mtu asiyetujua. Kufika darajani, upepo ukakipeperusha kichwa cha farasi. Kikaelea mfereji mzima, bata wakikipisha. Kwenye mzunguko wa barabara miguu ya mbele ikalegea. Langoni mwa shule nilikuwa nasukuma tumbo, kwato moja na lundo la uji.

Na nani kasimama langoni na mwavuli? Wouter! Bila hata kucheka, mshenzi yule. Kashika upande wa pili tukabeba pamoja. Mlangoni halikupita. Tukalisukuma, likapita, baadhi yake.

Mwalimu Marjolein akaomba wazazi watoke. Nikasema siwezi kuondoka na korido imejaa farasi. Nikachukua ufagio na ndoo, nikapiga deki karibu kabisa na mlango, ambao ulikuwa wazi. Sikusikiliza. Nilisikia tu.

Zamu ya Noortje. Karatasi ya shairi ilikuwa imelowa, beti thelathini na tisa zimekuwa bahari ya buluu. Umebaki mmoja. Kausoma kwa sauti. Lo! Nikamwona Fenna ameinamia meza, masikio yamemwiva. Hapo, nakiri, nilitamani niwe mimi ndiye niliyeelea mferejini.

Ikabidi Noortje atafute zawadi. Kaingiza mkono kwenye uji mpaka kwapani, katoa mfuko wa plastiki wa mkate. Ndani, bangili ya shanga za zambarau na kikaratasi kikavu. Sikuwa na habari navyo! Akasoma: "Noortje, samahani kwa sababu ya baba yangu. Mimi bado ni rafiki yako. Fenna."

Noortje akacheka mpaka akaegemea farasi, na farasi akamalizika. Akasema kumbe baba yako naye yuko hivyo! Kwao hakuruhusiwa hata kushika gundi, kinu cha mwaka jana alikiona siku alipokibeba. Mtoto mwingine akapaza sauti kwamba roketi yake kaijenga babu. Mwingine, mama na shangazi. Wakawa wanashindana! Nilipoondoka, Fenna na Noortje walikuwa sakafuni, wamepakana uji usoni, wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja. Miezi mitatu ya maneno.

Langoni Wouter kasema watoto wametuweza. Nimemwonea huruma. Kinu chake kimeumbuliwa mbele ya darasa zima. Farasi wangu kawapatanisha watoto, maana bila tumbo lake kile kikaratasi kingekaa wapi?

Jumanne, 10 Desemba

Leo dakika kumi za mzazi na mwalimu. Kiti kidogo, magoti mdomoni.

Mwalimu Marjolein hapindishi maneno. Kasema tangu Alhamisi Fenna ni mtoto mwingine. Ananyoosha mkono. Anacheka. Jana kasimama mbele ya darasa, kazungumza robo saa juu ya bundi bila kusoma popote, na picha kachora mwenyewe. Kisha akaniangalia machoni akasema anataka nielewe vizuri: Fenna anachanua sana nikiwa sipo.

Anachanua! Binti yangu! Na mimi hata sijawahi kumwona akichanua.

Nimejiandikisha kusaidia darasani kila siku, kuanzia kesho. Nitakaa mbele kabisa.