Mrudisheni Meya Ofisini, Asirudi kwenye Cherehani

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAKALA YENU YA "MFAHAMU MGOMBEA"

Meya wetu alisema Alhamisi, kwenye mkutano wa kampeni pale stendi, kwamba wananchi wakimnyima kura hatanung'unika, atarudi kwenye cherehani yake. "Nilikotoka napajua, na kiti changu kipo," alisema. Watu walipiga makofi. Mimi mikono ilinigoma, kwa sababu kiti anachokisema kiko dukani kwangu.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja, na ni fundi cherehani. Duka la kushonea alilotuachia baba ni letu sote wawili, ila tangu awe meya nimeliendesha peke yangu. Sasa gazeti lenu, baada ya kueleza wasifu wake, maadili yake na sababu zake za kugombea tena, limewashauri wasomaji "wampumzishe". Ndugu Mhariri, mmejiuliza atapumzikia wapi? Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Wasifu. Mmeandika kwamba kabla ya siasa alikuwa "fundi stadi aliyeuvisha mji". Aliuvisha, ndiyo. Mdogo wangu hakuwahi kushika futikamba. Alimtazama mteja akiingia mlangoni, akafumba jicho moja, akakata kitambaa. Ndiyo maana mtaani aliitwa Jicho. Mwalimu mkuu alishonewa koti ambalo mikono yake iligoma kuinuka kupita mabega, akafundishia nusu ya chini ya ubao hadi shule zilipofungwa. Bwana harusi mmoja alipata suruali ambayo mguu mmoja ulifika kiatuni na wa pili ukaishia njiani. Alipolalamika, Jicho alimwambia, "Shemeji, siku hiyo watu watamtazama bibi harusi. Wewe nani akutazame?" Bwana harusi akacheka, akaenda kuoa hivyo hivyo. Picha zake zote zimepigwa kuanzia kiunoni kwenda juu.

2. Maadili. Mnasema anatimiza ahadi. Niwe mkweli: hajawahi kusema uongo. Akikwambia "njoo Ijumaa", anaiamini Ijumaa hiyo kwa moyo wake wote, ila hataji ni ya mwezi gani. Muuguzi mmoja alileta kitambaa cha gauni la binti yake. Lilipokamilika lilimfaa mdogo wa binti huyo, ambaye kitambaa kilipoletwa alikuwa hajazaliwa. Jicho hakuona haya hata kidogo. "Unaona, mama? Mimi nilimkadiria huyu."

Mnasema pia kwamba ni msikivu. Ni kweli tupu. Nimeshuhudia mteja akiingia amekunja ngumi, akatoka anacheka na ameacha kitambaa kingine. Kipaji cha namna hiyo kwenye duka la kushonea ni maafa. Kwenye baraza la madiwani kinaitwa uongozi.

3. Sababu za kugombea tena. Anasema anataka "kumalizia alichoanza". Mwandishi wenu ameidhihaki kauli hiyo, akataja lango la stendi ambalo mabasi hayapiti, na njia ya waenda kwa miguu inayoishia ghafla kwenye mtaro. Hapa ndipo paliponiuma zaidi. Sikatai kwamba lango lile lilikadiriwa kwa jicho. Mhandisi wa manispaa alimsihi walau wapime, akajibiwa, "Injinia, basi ni nini? Si mtu mnene tu!" Lakini tazameni matokeo. Mabasi yanashushia nje, wauza matunda wamehamia nje, na biashara inakwenda. Njia ya miguu ikiisha, mtu anaruka mtaro na kuendelea na safari yake. Mji ni mkubwa, unavumilia. Nyonga hazivumilii. Lango likibana, dereva anatukana, yanaisha. Suruali ikipasuka mbele ya wakwe, hakuna tume ya uchunguzi itakayomrudishia mtu heshima yake.

4. Duka. Jambo hili gazeti lenu halikuligusa kabisa. Siku alipoapishwa nilitundika futikamba ukutani. Wateja waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara wakaanza kuvuka. Leo tunashona sare za shule, na kila kifungo kinafika kwenye tundu lake. Nimeajiri mafundi wawili, wote wanawake wanaosomesha watoto kwa sindano. Kulipokucha Ijumaa, baada ya hotuba ile ya stendi, watu walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mwalimu mkuu hakuingia hata ndani. Alisimama kizingitini akauliza, "Mama, ni kweli anarudi?" Nikamwambia inategemea kura. "Basi mimi na ukoo wangu wote tunampa," akasema, akaondoka mbio.

Mtasema nimfungie mlango. Siwezi. Baba alisema sehemu yake ni sehemu yake, na mkono usioweza kuukata, ubusu.

5. Ombi. Naomba gazeti lenu lifute ushauri wake na kuwahimiza wananchi wamchague tena kwa kishindo. Kisha sheria ibadilishwe ili agombee bila ukomo. Ikiwezekana apandishwe cheo: ubunge, uwaziri, halafu ubalozi katika nchi ya baridi kali, ambako watu wote wamejifunika makoti na kosa la fundi halionekani. Taifa litakalompokea nitalishonea bendera bure, nikiwa nimeipima. Na kama kuna cheo cha juu zaidi ya hapo, nitakishonea joho, mradi ofisi yake isiwe na mkasi.

Nisalimie wahariri wenzako, mchora vibonzo, na mke wako. Mwambie koti lake liko tayari na linafunga. Wifi yangu, mke wa Meya, anawasalimu pia. Naye anamwombea kura, kwa sababu zake mwenyewe ambazo sikuzidadisi.

Wenu katika uzi na sindano,
Dada wa Meya

Tanbihi: Nilikuwa napaka gundi bahasha hii Meya mwenyewe alipoingia, amefurahi kama mtoto. Anasema akishinda anahamishia ofisi ya meya hapa dukani, "ili niwe karibu na wananchi". Meza yake itakaa dirishani, katibu wake kwenye benchi la wateja, na madiwani wakichelewa kikao atanisaidia kukata sare. Nikamuuliza, "Na ukishindwa, mdogo wangu? Si ulisema ndiyo unarudi?" Akacheka. "Ah, dada nawe! Ile ilikuwa hotuba. Nikishindwa nitakaa mjini na uso gani? Naenda kwa shangazi shambani, nikafuge kuku." Kuku, nashukuru, hawavai suruali.

Ndugu Mhariri, makala yenu imejaa busara na ushauri wake ni wa kizalendo. Naomba barua hii isichapishwe. Mpinzani wake, yule mama mfamasia, anahutubia sokoni Jumatatu saa nane mchana. Nimeomba nafasi ya kusema machache, nimepewa.