Mitungi Isukumwe, Isivutwe

Kwa ninyi mliotengeneza ile gemu ya simu ya kusukuma masanduku,

Natumai hamjambo huko mliko. Sisi huku Kiganjo, Thika, tunaendelea, isipokuwa dakika hii binti yangu Kui, wa miaka minne, amemaliza kusukuma mitungi yote ya wapangaji wa ploti yetu hadi ukutani. Ilikuwa foleni mbele ya mfereji, kila mtungi ukimshikia mwenyewe nafasi, maana maji hapa huja yakitaka. Sasa hakuna anayejua nani alikuwa wa kwanza. Na ukijaribu kuurudisha mtungi, Kui analia: "Haivutwi, inasukumwa tu."

Hayo ameyatoa kwenu. Jirani yangu Benta, aliyekuwa mbele kabisa, ameniambia nitafute mwingine wa kubaki na mtoto. Na Jumatatu naanza kazi Ruiru, kiwanda cha kushona nguo, kazi niliyoiombea sana. Kwa hivyo nalalamika, kwa heshima:

1. Hatua zenu ni fupi mno. Gemu ingekuwa ndefu na ya kuchosha, kama mkutano wa wazazi, mtoto angelala. Lakini hatua inaisha kabla chai haijachemka, basi mtu anasema moja tu ya mwisho. Mtu ninayemsema ni mtoto.

2. Yule mtu wenu wa vinukta-nukta, kama wa gemu za zamani, mwenye sweta ya kijani, ana mikono miwili. Mbona havuti? Kui sasa hataki hata soksi ivutwe. Ni lazima mguu usukumwe uingie.

3. Kile kitufe cha kurudi nyuma ukikosea. Juzi alimwaga uji kwenye shuka safi za Benta. Hakukimbia. Alibonyeza ukuta kwa kidole, akangoja uji urudi kikombeni. Hata mimi nilingoja kidogo.

4. Naomba basi mtume huyo mtu wa sweta ya kijani, kabla ya Jumatatu, avute mitungi yote Kui akiona, kisha amwombe Benta msamaha. Kama ni mchoro tu, aje aliyemchora. Sweta nitamtafutia mtumba.

Mkishindwa, ifuteni gemu yote.

Wasalimieni wazazi wenu, na yeyote anayewapikia mkiwa kazini.

Ni mimi,
Wangechi, Mama Kui

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja hii barua Benta alipokuja kuchukua simu, ajionee mwenyewe huo ubaya. Hajairudisha. Amekalia mtungi, Kui yuko mapajani anamwonyesha njia, na maji yamekuja hata hajainuka. Amesema Jumatatu niende kazini bila wasiwasi, mradi simu ibaki. Kwa hivyo msifute kitu. Ongezeni hatua, ziwe fupi vile vile. Ila ile ya milango miwili mtusaidie, kwa sababu ukianza na sanduku la kushoto unajifungia, na ukianza na... Benta ananiita, anasema, "Mama Kui, kuja haraka, si la kushoto, ni lile la—