Mkono Nyuma ya Kioo Cheusi

Jumatatu, 18 Agosti

Shule zimefunguliwa. Joto la kukaanga yai juu ya boneti! Kwa mbandika tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari, kama mimi, Delbert Kubicek, mwenye duka pekee la kazi hiyo hapa Velka, hili ni joto la baraka. Magari yamepanga foleni tangu asubuhi. Nimekula kolachi, maandazi yetu ya matunda, mpaka sukari imenijaa kwenye masharubu.

Kisha habari mbaya. Jumanne ya wiki ijayo baraza la mji litapiga kura. Kampuni moja ya huko mbali inataka kuwapa polisi wetu vipimo vya kupimia giza la vioo. Bure! Mradi tu ichukue karibu nusu ya kila faini. Wanasema ni kwa usalama wa umma. Mimi nasema ni usalama wa mfuko wao. Ikipita, nani atakuja tena dukani kwangu?

Ubaya ni kwamba Verlene Pruitt anataka sheria ya vioo vyeusi ikazwe. Verlene ndiye anayevusha watoto pale shuleni, na kizibao chake cha njano na kibao cha SIMAMA. Mjane, mcheshi, ila hacheki ovyo. Nampenda tangu Pasaka. Hajui. Jumamosi ya wiki ijayo ni dansi ya parokia, na nimeapa ataingia pale ameshika mkono wangu, si wa Rudy Zapalac, muosha magari wa ng'ambo ya barabara. Rudy ameshabandika tangazo la Verlene ukutani kwake. Mnafiki! Ana meno mazuri, basi.

Mpango: nimuunge mkono Verlene hadharani, nimpinge chini kwa chini. Anakusanya saini. Nimetia yangu kwa mwandiko ambao hata marehemu mama asingeutambua. Verlene akanishukuru na kunigusa bega. Mimi si ndumilakuwili. Ni mtu mwenye upendo kwa pande zote mbili.

Jumanne, 19 Agosti

Amekuja bwana mmoja kwa jina Brantley, suti ya kijivu, kutoka kampuni inayotengeneza tinti ninayouza. Ananiita kaka. Ameleta boksi la fulana zilizoandikwa KIVULI NI HAKI. Akasema watu hawapendi kusikiliza kampuni, wanapenda kusikiliza raia. Kwa hiyo ingefaa raia waunde chama.

Nimekiunda papo hapo. Mwenyekiti, mimi. Katibu, dada yangu Millie. Mjumbe, mbwa wa Millie, kwa kuwa wawili hawatoshi kuitwa chama.

Nilimuuliza Brantley kampuni yake inapata nini katika haya. Akasema haipati kitu, inapenda tu kuona watu wamepoa. Nilikaribia kulia. Kumbe bado zipo kampuni zenye moyo!

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya aibu. Lakini kosa si langu.

Nilitaka Verlene aone kwa macho yake kwamba kioo cheusi hakivunji urafiki. Nikaibandika pikapu yangu tinti nzito pande zote, na kwenye kioo cha mbele nikaishusha mpaka karibu na usukani. Nia: nipite shuleni, nimpungie, nitabasamu, kisha nimpe sinia la kolachi za pichi.

Njia panda ya shule haina taa. Kila upande una kibao cha kusimama, na sisi hupishana kwa adabu: unainua kidole kwenye usukani, maana yake pita wewe, ndugu yangu. Nikasimama. Rudy akasimama kulia kwangu. Nikainua kidole. Hakwenda. Nikainua mkono mzima. Hakwenda. Nikavua kofia, nikainama kama niko mbele ya askofu. Rudy akabaki amekodoa macho kama ng'ombe. Lori la maziwa lililonielekea kutoka upande wa pili nalo limetulia. Foleni imefika benki. Kila mtu mstaarabu, hakuna anayesogea! Nikaona dharau imezidi. Nikakanyaga mafuta. Rudy naye akaona hivyo hivyo, wakati ule ule.

Bampa zikabusiana. Hakuna aliyeumia, ila kolachi zote zilinimwagikia mapajani. Lakini Verlene alikuwa ameshakanyaga lami na watoto wawili. Akawarudisha nyuma kwa kuwavuta mabegi.

Akaja, akagonga kioo changu kwa kibao chake. Nikashusha kioo.

"Delbert! Kumbe ni wewe humo?"

Nikamwambia nilikuwa nampungia. Akasema, "Umempungia nani? Mimi nimeona kioo tu. Kila siku nasimama hapa na watoto wa watu, nangoja jicho la dereva. Nisipoliona jicho, sina kitu mkononi ila ubao."

Rudy akadakia eti alidhani gari halina mtu. Nani amemuuliza?

Wale watoto walikuwa wamemshika Verlene kizibao, mmoja kila upande. Nilijisikia vibaya. Vibaya sana, nasema kweli.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Tatizo si kioo. Tatizo ni mkono! Mkono uko ndani, watu wako nje.

Basi nimechonga mkono wa mbao, nikauvisha glavu nyeupe, nikaufunga nje ya mlango wa pikapu na kamba inayopita ndani. Ukivuta, unapunga. Millie akasema nimepungukiwa akili. Wivu wa ndugu.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, kamba ikakwama na vidole vyote vikajikunja isipokuwa kimoja cha kati, kikabaki kimesimama wima kama tusi. Ndipo padri akapita. Nimempigia simu kumueleza. Amesema ataniombea.

Jumanne, 26 Agosti

Ukumbi umejaa! Brantley kaleta sandwichi. Nikasimama na fulana yangu ya KIVULI NI HAKI, nikatoa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nikasema sheria hii haiwajali watoto hata kidogo. Ni kampuni ya mbali inayotaka kuingiza mkono mifukoni mwetu, na sisi raia wa kawaida, tusiotumwa na mtu, tunakataa! Makofi! Hata Rudy alipiga moja.

Kisha Verlene akasimama, kizibao bado mwilini. Akaniomba kwa upole nigeuke. Nikageuka. Akasoma mgongo wangu kwa sauti. Kumbe nyuma ya fulana kuna jina la kampuni ya tinti kwa herufi kubwa, na namba ya simu! Mji mzima nimetembea nikiwa tangazo. Watu walicheka mpaka meya akagonga meza.

Nikajua dansi imekwenda na maji. Lakini Verlene hakuishia kwangu. Akamgeukia wakala wa ile kampuni ya vipimo, aliyekaa mbele, akamuuliza: siku watu wote wa Velka wakifuata sheria, kampuni yenu itakula nini?

"Basi mtaomba kila siku tukosee," Verlene akasema, akaninyooshea kidole. "Huyu anauza giza, wewe unauza kipimo cha giza. Mimi nimesimama katikati na watoto. Sheria ni nzuri na ni yetu wenyewe. Ya nini kuikodisha?"

Nilipiga makofi kabla sijakumbuka niko upande gani.

Baraza limeukataa mkataba. Polisi wataazima kipimo kimoja mji wa jirani. Atakayekamatwa mara ya kwanza ataonywa tu, ilimradi abandue tinti nzito milango ya mbele. Meya akauliza nani atawabandulia watu. Nikasikia sauti ikisema: mimi, tena bure. Ilikuwa sauti yangu! Verlene akanitazama, jicho kwa jicho. Nikakaa, nikakikosa kiti.

Moyoni nilijua ninachofanya. Kila nitakayembandulia nitamuuzia tinti nyepesi, ile inayoruhusiwa. Akili ni mali!

Alhamisi, 28 Agosti

Nimebandua mpaka kucha zinauma. Hakuna hata mmoja aliyenunua tinti nyepesi. Wote wanasema ngoja kwanza. Rudy amejitolea kuosha gundi inayobaki, bure. Mtu asiye na wazo hata moja lake mwenyewe!

Ila nimeona mambo. Lile lori jeusi ambalo wote tulidhani ni la jambazi, kumbe ni la Bi Agnes, mwalimu mstaafu wa piano, kidevu kinafika usukani kwa taabu. Daktari wa meno huimba njia nzima huku machozi yanamtoka. Tumeishi pamoja miaka yote hii na hatukujua.

Saa za kutoka shule nilisogea mpaka kona na kitambaa changu mkononi. Verlene akainua kibao. Vidole vikainuka kwenye usukani, kimoja baada ya kingine, na nyuma ya kila kidole uso. Watoto wakapita wanaruka. Verlene alikuwa anacheka, yeye asiyecheka ovyo. Nilifurahi, sina la kuficha.

Nikamuuliza habari ya dansi. Akasema, "Nilidhani hutauliza mpaka nizeeke! Lakini sipandi gari nisilomwona dereva wake." Jioni vioo vya pikapu yangu vilikuwa vyeupe kama glasi ya maji. Rudy ameosha gundi. Nimemwachia afanye kwa furaha yake.

Jumapili, 31 Agosti

Jana tulicheza polka! Nilimkanyaga mguu, akanikanyaga wangu makusudi, tukawa sawa. Rudy alicheza na Millie. Mbwa alilinda viti.

Wakati wa kurudi, jua bado liko juu, tukasimama njia panda ya shule. Magari pande zote nne. Na pale pale Verlene akanibusu shavuni! Vidole vikainuka, honi zikalia, Bi Agnes akapiga makofi ndani ya lori lake. Verlene akawa mwekundu mpaka masikioni, anacheka, kajifunika uso. Akasema, "Jamani, Delbert, mji mzima umetuona!"

Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nizaliwe. Lakini neno lake hilo limenikaa kichwani.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu, shule imefungwa. Asubuhi Verlene kaniletea gari lake dogo, kioo cha abiria hakishuki. Kaniachia ufunguo, kaenda kwa dada yake, atalichukua kesho alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ananiamini!

Kioo nimekitengeneza. Lakini nikakaa ndani ya gari lile, nikatazama nje, na kila apitaye akanitazama. Ndipo nikamuelewa. Maskini mwanamke wa watu, mji mzima umetuona! Alikuwa analalamika, na mimi nilikuwa nacheka tu. Mapenzi yetu yamekuwa mali ya barabara.

Sasa nimelimaliza. Nimetumia tinti nyeusi kuliko zote dukani. Milango yote, nyuma, na mbele mpaka chini. Hata mimi mwenyewe nimepapasa kutafuta pa kutia ufunguo. Sikumwambia kitu, nataka ashtuke kwa furaha.

Kesho atafika nalo shuleni, mbele ya watoto, wazazi na mkuu wa polisi, anayeanza kazi ya kipimo pale pale. Sijui atanishukuru vipi!